Injini za gemu zimekuwa za bure, sasa mbona wachezaji wananuna?

kitufe_cha_kuruka

Wakuu kwema? Naomba mnisaidie kuelewa jambo moja. Kuna injini ya gemu (ile programu ya kutengenezea gemu) imetoa toleo jipya, ya bure kabisa, nikairusha habari kwenye grupu letu la wachezaji nikijua watu watashangilia, aisee majibu niliyokutana nayo. Mmoja kasema "haya, takataka nyingine hizo zinakuja". Mwingine anasema akiona tu nembo ya injini fulani gemu inapofunguka, anaifuta hapo hapo bila hata kugusa menyu. Wa tatu akaja na hoja kwamba zana zikiwa za bure kila mtu anajiona fundi. Waliofurahi ni wawili watatu na wote ni wale ambao tayari wanatengeneza vitu vyao.

Sasa mi sio developa, ni mchezaji wa kawaida ambaye nimeanza kuchezea Godot, injini mojawapo ya bure, usiku usiku, nina kagemu kangu ka 2D ka kurukaruka hata hakajafika popote. Kwa akili yangu ya kawaida zana zikiwa bure gemu zinaongezeka na mchezaji ndo anafaidi. Hii hasira inatoka wapi? Na mtu ukija kutoa gemu yako ni busara kuficha umetumia nini kuitengeneza?

NimechokaNaZombi

Nikujibu mimi mkuu ambaye sitengenezi chochote, nanunua nacheza basi.

Hasira ipo na ina sababu. Ingia Steam, lile duka la gemu za kompyuta, leo utafute gemu za zombi za bei ya chini. Utakuta zombi ni yuleyule, anatembea vilevile, analia vilevile, ghala ni lilelile na hata pipa jekundu limekaa kona ileile, ila majina ya gemu ni kumi tofauti na kila moja ina trela ya kutisha. Kilichofanyika ni kwamba jamaa amechukua kifurushi cha aseti (picha, sauti na ramani zilizotengenezwa tayari) dukani, ndani yake kuna ramani ya mfano iliyowekwa ili mtu ajifunzie, yeye kabadilisha jina na rangi ya menyu kaipeleka sokoni kama ilivyo. Hajaandika mstari hata mmoja. Na mi nimeshalipa.

Zamani pale Steam kulikuwa na Greenlight, watu wanapiga kura gemu gani iingie, nayo ilikuwa na vituko vyake siwezi kuitetea. Juni 2017 wakaitoa wakaleta Steam Direct, unalipia dola 100 kwa kila gemu unaingia. Kwahiyo piga hesabu mwenyewe: injini bure, aseti bei chee, mlango dola 100. Mwaka 2024 peke yake ziliingia gemu zaidi ya 18,000, gawa kwa siku uone kama kuna binadamu anaweza kuzifuatilia. Najua mtasema kuna kurudishiwa hela kama hujacheza saa 2 na siku 14 hazijapita, sawa, hela inarudi, jioni yangu je?

Kwahiyo mtu akinambia injini fulani imekuwa bure, mi kichwani naona lile ghala.

ZamaniModa

@NimechokaNaZombi nakuelewa kabisa ila lawama umeipeleka kwa injini wakati maelezo yako yote yanahusu duka.

Tatizo la vijana mnaongea kama vile zana za bure zimeanza juzi. id Software walipotoa Doom mwaka 1993 ramani na picha na sauti walizitenga kwenye mafaili ya WAD, mbali na injini, makusudi kabisa ili watu wabadilishe wanavyotaka. Desemba 1997 wakaachia na msimbo wa injini yenyewe. Mpaka leo kuna watu wanatengeneza ramani za Doom, gemu ina zaidi ya miaka 30 hiyo. Counter-Strike ilianza kama modi ya Half-Life, yaani gemu iliyobadilishwa na wachezaji wenyewe, vijana wawili tu, baadae Valve, wenye Half-Life na hiyo Steam, wakawachukua. DotA ilitokea kwenye kihariri cha ramani cha Warcraft III, ambacho kilikuja na gemu yenyewe hulipii kitu cha ziada. Sasa niambieni, kuna mchezaji alinuna? Hii aina nzima ya gemu za timu tano kwa tano ambazo leo watu wanashindania zawadi za mamilioni ya dola imezaliwa na zana ya bure iliyokuwa mikononi mwa mchezaji wa kawaida.

Na msidhani zamani hapakuwa na uchafu. Ulikuwepo, tena uchafu haswa, kuna ramani za Doom zilikuwa chumba kimoja na maadui mia mbili basi. Lakini modi mbovu hukuilipia, unaishusha unacheka unafuta, huna pa kulalamikia. Kelele zimeanza pale zana ya bure ilipokutana na duka ambalo linampokea kila anayelipia mlango. Hayo ni mambo mawili tofauti na watu wanayachanganya kila siku.

Kingine ambacho wachezaji hawakijui ni jinsi ilivyokuwa kabla ya hapo. Mwishoni mwa miaka ya 90 ukitaka injini ya maana ya 3D kwa ajili ya gemu ya kuuza, leseni ilikuwa malaki ya dola, yaani kabla hujamlipa hata mchoraji mmoja. Ndo maana gemu zilitoka kwa makampuni machache. Oktoba 2009 Unity wakaachia toleo la bure la injini yao, mwezi uliofuata Epic wakatoa UDK, toleo la injini yao ya Unreal, bure pia kwa wasiouza. Machi 2014 Unreal 4 ikaja kwa dola 19 kwa mwezi pamoja na mrabaha wa asilimia 5. Halafu mwaka mmoja baadae, ile wiki ya mkutano wa watengenezaji gemu, GDC, Machi 2015, ikawa vurugu tupu: tarehe 2 Epic wanatangaza Unreal 4 haina tena ada ya mwezi, tarehe 3 Unity 5 inatoka na toleo la Personal lenye injini nzima bila kukatwa vipande mradi mapato yako kwa mwaka hayajafika dola 100,000, na hapo hapo Valve nao wanasema injini yao ya Source 2 itakuwa bure. Ndani ya siku mbili! Mi kipindi kile nilikuwa kwenye majukwaa ya wamodi na watu walikuwa wanashangilia mpaka wanakosa la kuandika.

Kwahiyo furaha ilikuwepo. Imekuja kuharibiwa njiani.

Dada_Poligoni

Nakazia alichosema ZamaniModa, na niongeze kitu ambacho naona kinawapita wachezaji wengi, hata huyo rafiki yako anayefuta gemu akiona nembo.

Toleo la bure la Unity lilikuwa linakulazimisha kuonyesha nembo yao gemu inapofunguka. Anayelipia ndo alikuwa na ruhusa ya kuitoa. Sasa fikiria matokeo yake kwa miaka na miaka: studio yenye hela inalipia, inatoa nembo, mchezaji anacheza Cuphead au Cities: Skylines masaa mia na hana habari kwamba ile ni Unity. Halafu anafungua gemu ya mtu aliyejifunza wiki mbili, kitu cha kwanza usoni, nembo hiyo hapo kubwa. Kazi mbovu zote zimepigwa muhuri na kazi nzuri karibu zote hazina. Hata mimi ningeamini injini ni mbovu.

Nimewahi kukaa na kundi la wachezaji wanaisema vibaya Unity usiku mzima huku mmoja wao Hollow Knight ndo gemu yake ya maisha, ana mpaka picha yake kwenye wasifu. Nilipomwambia alikataa. Akaenda kutafuta mwenyewe, akarudi kimya.

Unity wenyewe walikuja kustuka, walivyotoa Unity 6 Oktoba 2024 wakaifanya nembo iwe hiari hata kwa wa bure. Ila sifa ilishaharibika, watu bado wanayo kichwani.

Kuhusu kuficha: usifiche. Tena kwa Godot huwezi kuficha moja kwa moja, leseni yake ni MIT, unaruhusiwa kufanya chochote, kuuza, kubadilisha, lakini yale maandishi ya leseni lazima yaende na gemu. Wengi wanayaweka kwenye ukurasa wa shukrani kule ndani. Hakuna anayekulazimisha nembo mlangoni, hiyo ya mwanzo kwenye Godot unaiondoa kwenye mipangilio ya mradi unaweka ya kwako.

fremu60

mi nitawatetea wachezaji kidogo maana naona mnawafanya kama hawajui kitu

Unreal 5. nimemaliza. haya naendelea

sio kila anayelalamika kuhusu injini analalamikia nembo. kuna watu wana mashine nzito kabisa wanafungua gemu mpya wanakimbia kwenye korido, wanafungua mlango, paap, picha inaganda nusu sekunde. wanapiga risasi ya kwanza inaganda tena. hiyo ni shedari (vijiprogramu vinavyoiambia kadi ya picha jinsi ya kuchora) zinatengenezwa papo hapo wakati unacheza. kwenye konsoli haitokei hivyo kwasababu vifaa vyote ni sawa kwahiyo shedari zinaandaliwa mapema na developa zinakuja tayari, ila kwenye PC kila mtu ana kadi yake na draiva yake kwahiyo lazima zitengenezwe kwenye mashine yako. developa makini anakuwekea ile skrini ya kusubiri mwanzoni "inaandaa shedari" unasubiri dakika kadhaa unacheza kwa amani. developa mvivu anakuachia ujitengenezee ukiwa katikati ya bosi

na Lumen ya mwanga na Nanite ya maumbo yenye maelezo mengi zimekuja na injini tangu 2022, unawasha tu, mwanga mzuri, mawe mazuri, kila kitu kizuri kwenye picha za matangazo, halafu gemu inatoka inahitaji kadi ya bei mbaya na bado unaambiwa uwashe upscaling (picha ndogo inakuzwa) ili ufike fremu 60 kwa sekunde. zamani watu walikuwa wanapanga taa kwa mkono halafu kompyuta inakesha kuhesabu mwanga wa ramani nzima, ilikuwa kazi lakini gemu ilikuwa inakimbia

sisemi injini ni mbovu, kuna gemu za Unreal zinateleza kama siagi. Epic nao wameongeza njia za kuziandaa shedari mapema. ila ukiwapa watu zana nzito bure na hawajui kuipunguza, anayelipa ni mwenye kompyuta. hiyo hasira ni halali

ZamaniModa

@fremu60 hapo sina ubishi. Ila kumbuka makampuni makubwa yenye mamia ya wafanyakazi nayo yanatoa gemu zinaganda hivyo hivyo, na hao hawakuja kwa sababu injini ni ya bure. Huyu wa kagemu ka 2D hausiki kabisa na hilo.

fremu60

kweli, yeye aendelee na kurukaruka kwake

NimechokaNaZombi

Dada hiyo ya nembo sikuwahi kuifikiria, nimeingia kuangalia maktaba yangu sasa hivi, nusu ya gemu ninazozipenda ni Unity. Sawa. Lakini bado swali langu lipo palepale, mi mteja nitajuaje hii ni kazi ya mtu na hii ni kifurushi kimebadilishwa jina? Na siku hizi wameongeza na picha za AI juu yake, Valve wanawataka developa waseme kwenye ukurasa wa duka kama wametumia, tangu Januari 2024, ila ni mpaka mtu aseme mwenyewe.

Dada_Poligoni

Angalia video ya mtu anayeicheza, achana na trela. Dakika tano tu. Kama kuna demo chukua demo. Mtu aliyehangaika na gemu yake utaona kwenye vitu vidogo: anavyoruka mhusika, sauti ya kufungua sanduku, menyu inavyojibu. Kifurushi kilichobadilishwa jina menyu yake huwa haina hata sehemu ya kubadilisha vitufe.

Mzee wa Pikseli

Nimechelewa lakini uzi ni mzuri, naona kuna upande mmoja wa hasira hamjaugusa na huo ndio uliowakumba hata watengenezaji wenyewe. Mimi natengeneza gemu ndogo kwa miaka mingi kidogo, na kilichonikuta Septemba 2023 sitakisahau.

Tarehe 12 mwezi huo Unity walitangaza ada mpya, kwamba kuanzia Januari 2024 ukishavuka kiwango fulani cha mapato na usakinishaji utalipia kila mtu anaposakinisha gemu yako. Kwa wale wa toleo la bure kiwango kilikuwa mapato ya dola 200,000 kwa mwaka na usakinishaji 200,000, ukivuka hapo ni senti 20 kila usakinishaji mpya. Watu wakaanza kuuliza maswali ya kawaida tu. Mtu akifuta akasakinisha tena? Gemu ikiwa kwenye bando la hisani? Mharamia akiipakua bila kulipa? Mtu mwenye chuki akiandika programu ya kuisakinisha usiku kucha? Siku ya kwanza jibu kuhusu kusakinisha tena lilikuwa inahesabika, baadae wakageuka wakasema ni mara ya kwanza tu. Unaona kabisa hawakuwa wamekaa chini wakalifikiria.

Na kilichouma zaidi ya senti 20, kwa sababu wengi wetu tusingefika hata robo ya kiwango hicho, ni kwamba ada ilikuwa inagusa na gemu zilizokwisha kutoka. Umetoa gemu miaka minne nyuma ukiwa umesoma masharti, ukakubali, leo anakuja mtu kuyabadilisha ukiwa umelala. Wakati 2019 walishasema kwa maandishi ukibaki na toleo la zamani la injini unabaki na masharti yake. Ndipo watu walipoelewa kwamba bure ya kampuni ina mwenyewe, na mwenyewe ana wanahisa.

Hapo sasa ndo utashangaa, wachezaji walisimama na sisi. Watu ambao hawajawahi kuandika msimbo maishani walikuwa wanasoma masharti ya leseni na kuyachambua kifungu kwa kifungu, wanauliza studio wanazozipenda kama ziko salama. Ilipofika tarehe 22 Unity wakalegeza, wa toleo la bure wakaondolewa kwenye ada kabisa na gemu za zamani zikaachwa. Oktoba mkurugenzi mkuu John Riccitiello akaondoka. Septemba 2024, chini ya mkurugenzi mpya, ada yenyewe ikafutwa. Mwaka mzima wa kelele kwa ada ambayo haikuishi.

Wakati huo huo Re-Logic, wale wa Terraria, ambao gemu yao wala haijatengenezwa kwa Unity, wakatoa dola 100,000 kwa Godot na nyingine 100,000 kwa FNA, mfumo mwingine wa msimbo wazi wa kutengenezea gemu, na dola 1,000 kila mwezi kwa kila mmoja. Mega Crit walikuwa wameshakwenda mbali na gemu yao ya pili, Slay the Spire 2, kwenye Unity, wakaihamishia Godot. Kuhama sio mchezo, nawaambia. Mimi nilihamisha kamradi kadogo tu na kila kitu kilibidi kiandikwe upya, mfumo wa migongano, kamera, menyu, mpaka namna ya kuhifadhi gemu. Unachobaki nacho ni picha, sauti na hasira.

Kwahiyo @kitufe_cha_kuruka nikijibu swali lako kwa upande wangu: wale wa kwenye grupu lako wanaonuna wana kumbukumbu mbili zimechanganyika, ya ghala la zombi na ya 2023. Mtu ameshaona bure ikigeuka mara moja, tangazo lingine la bure likija anauliza kwanza nani anailipia. Na ni swali zuri. Epic anaweza kukupa Unreal kwa sababu ana Fortnite na ana duka lake, na ukifanikiwa atachukua asilimia 5 ya kile kinachozidi dola milioni 1, kiwango hicho wamekiweka tangu 2020, kabla ya hapo walikuwa wanaanza kuhesabu dola 3,000 kwa robo mwaka. Sio wizi, ni biashara, iko wazi. GameMaker tangu Novemba 2023 ni bure kama huuzi, ukitaka kuuza unalipa mara moja karibu dola 100. Nayo iko wazi.

Godot ni habari nyingine. Waliianzisha Juan Linietsky na Ariel Manzur kule Argentina, ilikuwa zana yao ya ndani miaka mingi, Februari 2014 wakaachia msimbo wote. Hata kesho wanaoiongoza wakichanganyikiwa, toleo ulilonalo ni lako, mtu yeyote anaweza kulichukua akaendeleza. Blender ilipitia njia hiyo hiyo, 2002 kampuni iliyokuwa inaimiliki ilikufa, jamii ikachanga euro 100,000 ndani ya wiki saba kuununua msimbo kwa wenye nao ukawa wa wote. Wachangiaji wengi walikuwa watumiaji wa kawaida tu. Leo hiyo ndo zana ambayo kila mtu hapa anafanyia 3D yake.

Ila tusiipambe sana. Godot haiji na njia ya kutoa gemu kwenye konsoli, kwa sababu watengenezaji wa konsoli zana zao ni za siri chini ya mkataba na huwezi kuziweka ndani ya msimbo ulio wazi. Ukitaka Switch au PlayStation unatafuta kampuni inayofanya kazi hiyo unailipa. Na 3D yake haijaifikia Unreal, anayekwambia imefika anakudanganya.

fremu60

"unachobaki nacho ni picha, sauti na hasira" 😂😂 mzee

NimechokaNaZombi

Mzee heshima kwako. Mi nilikuwa mmoja wa waliokuwa wanapiga kelele 2023 wakati sijui hata injini inafanyaje kazi, nilichojua ni kwamba gemu ninayoisubiri inaweza isitoke.

Bado ghala lile siliwezi lakini.

ZamaniModa

Hakuna anayeliweza. Valve ndo wenye ufunguo wa lile ghala, wakitaka kulifunga watalifunga kesho.

Na kwa wale wanaosema kila mtu anajiona fundi, mi nasema acha wajione. Balatro imetengenezwa na mtu mmoja kwa LÖVE, ambayo wala sio injini kamili, ni mfumo wa bure wa kuandikia gemu kwa lugha ya Lua, hakuna kihariri, hakuna kitufe cha kubonyeza, ni maandishi matupu. Ikauza mamilioni ya nakala. Brotato na Buckshot Roulette zote ni Godot. Vampire Survivors ilianzia kwenye Phaser, ya brauza. Hawa wote wangeambiwa lipa malaki ya dola ndo uanze, tungekuwa na gemu za makampuni sita tu zinazofanana na watu wangekuwa hapa hapa wanalalamikia hilo.

kitufe_cha_kuruka

Aisee wakuu nimesoma yote mpaka mwisho, nimeshapeleka lile la nembo kule kwenye grupu na sasa kuna ugomvi mpya kabisa, nusu wanabishana Hollow Knight ni Unity au sio.

Sasa nina swali la kijinga kidogo. Laptop yangu ni ya zamani, haina kadi ya picha ya peke yake, RAM 4. Godot 4 inafunguka lakini nikianza mradi mpya inakwamakwama na juzi ilikataa kabisa ikasema kitu kuhusu Vulkan. Na kwenye ukurasa wa kupakua kuna mbili, ya kawaida na iliyoandikwa .NET, mi nilichukua ya .NET nikidhani ndo kamili zaidi. Nibadili?

Dada_Poligoni

Badili ndugu yangu. Ile ya .NET ni kwa anayeandika lugha ya C#, kama unatumia GDScript, lugha ya Godot yenyewe, haikusaidii kitu, inakudai kusakinisha vitu vingine tu. Tena miradi ya C# kwenye Godot 4 ina shida ya kutoka kama gemu ya brauza, na gemu ya brauza kwa mwanzoni ndo njia rahisi ya kuwapa watu wajaribu.

Chukua ya kawaida. Halafu unapotengeneza mradi mpya, lile dirisha linakuuliza aina ya uchoraji, kuna Forward+, Mobile na Compatibility. Umeachia ya kwanza, si ndio? Hiyo inataka Vulkan, njia mpya ya kuongea na kadi ya picha. Chagua Compatibility, inatumia OpenGL ambayo ni ya zamani zaidi, laptop yako itaiweza na kwa 2D hutaona tofauti. Mradi ambao tayari unao usiufute, kwenye mstari wa juu wa kihariri kulia kuna maandishi ya aina ya uchoraji, bonyeza badilisha, itajifunga na kufunguka tena.

Mzee wa Pikseli

Na kabla hujabadilisha chochote nakili folda lote la mradi uweke pembeni.

fremu60

na ukimaliza tupe link ya hako kagemu, zombi akiwemo nakuripoti